Kibarua na Barua: Deni la Mwandishi kwa Mfanyakazi

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu anayefanya kazi ya kutwa kwa ujira wa kutwa huitwa kibarua. Neno hili limezoeleka mno hata asili yake haimshtui tena mzungumzaji. Kimofolojia, kibarua ni barua ndogo, kikaratasi. Kamusi za kale zinaeleza kwamba mfanyakazi wa siku aliitwa hivyo kwa sababu ya kikaratasi alichopewa kuwa ithibati ya kazi yake, ili wakati wa malipo akionyeshe apate ujira. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wengi wa vibarua wa mjini walikuwa watumwa waliokodishwa kwa wafanyabiashara, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana. Hivyo basi, karatasi ilimwakilisha mtu, na hatimaye mtu akachukua jina la karatasi.

Makala haya yanalichukua neno hilo kuwa mwanzo wa swali la kimaadili. Mwandishi anapoyageuza maisha ya mfanyakazi kuwa sanaa, je, anadaiwa chochote? Na kama anadaiwa, deni hilo ni la nini, na hulipwaje? Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelizungumzia tabaka la wafanyakazi kwa kirefu, hasa tangu miaka ya 1970 ulipoathiriwa na nadharia ya Ki-Marx. Hata hivyo, aghalabu umeuliza kama mwandishi yuko upande wa wavujajasho au wa mabwanyenye, kisha ukampima kwa jibu hilo. Swali la upande ni muhimu, ila halitoshi. Mtu anaweza kuwa upande wa mfanyakazi kwa dhati na bado akamwandikia kikaratasi kingine tu: maandishi yanayomhusu, yanayomtambulisha, na ambayo yeye mwenyewe hana idhini ya kuyasahihisha.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba deni lipo. Si deni la nasaba, wala si deni la sifa. Hulipwa kwa mambo mawili ambayo nyakati nyingine huvutana. La kwanza ni usahihi wa hesabu ya kazi, usahihi ambao mfanyakazi ana haki ya kuukagua. La pili ni kumwachia mfanyakazi ile sehemu ya maisha yake isiyokuwa kazi.

Mfanyakazi aliyeandikwa kabla ya kuandika

Wazo kwamba mtu wa kazi za mikono hana nafasi katika mambo ya akili ni la zamani. Aristotle, katika Politika, alishikilia kwamba maisha ya fundi na ya mtu wa ujira hayaafikiani na utendaji wa maadili bora, kwa kuwa maadili hayo yanahitaji faragha na wasaa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nao ndio unaoifanya iwe ya hatari: ni kweli kwamba uandishi unahitaji wasaa. Kosa la Aristotle ni kuuchukua unyimwaji wa wasaa kama kwamba ni upungufu wa aliyenyimwa.

Nchini Kenya, unyimwaji huo ulikwenda sambamba na namna mahususi ya kuandikwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 hadi miaka ya 1940, mwanamume Mwafrika aliyetoka katika eneo lake kwenda kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande, hati iliyowekwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, kabila lake, waajiri wake na ujira wake. Na alipoondoka kazini, sahihi ya mwajiri ndiyo iliyomwezesha kuajiriwa kwingine kihalali. Kwa maelfu ya watu, kipande ndicho kilichokuwa wasifu wao wa kwanza kuandikwa. Kilikuwa na mhusika, mfuatano wa matukio, na msimulizi mwenye mamlaka yote. Kitu kimoja kilikosekana: mhusika hakuwa na uwezo wa kukitengua alichoandikiwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba kulinganisha kipande na riwaya ni kuvuka mpaka. Riwaya haimzuii mtu kupata kazi. Yakini ni kweli. Lakini ulinganisho huu haukusudiwi kuonyesha kwamba riwaya ni kipande. Unakusudiwa kuonyesha kwamba mfanyakazi anapofikiwa na mwandishi mwenye huruma, anafikiwa akiwa amekwisha kuandikwa mara nyingi na watu wasiomhitaji asome walichoandika. Mwandishi hafiki kwenye ukurasa mtupu. Na jambo la kwanza analopaswa kujiuliza ni kwa vipi uandishi wake utakuwa tofauti.

Kazi kama chimbuko la sanaa

Tofauti hiyo haianzi kwa kumpelekea mfanyakazi sanaa. Inaanza kwa kukiri kwamba sanaa ilikuwako kazini kabla ya mwandishi kufika. Katika visiwa na mwambao wa kaskazini mwa Kenya, wakulima wa Kibajuni wana vave, tungo zinazofungamana na kufyeka na kuchoma kondeni. Wavuvi na mabaharia nao wana kimai. Tungo hizi si mapambo ya kazi. Zina elimu ya misimu na ya bahari ndani yake, na mtunzi wake hupimwa na watu wanaoijua kazi ileile. Mtunzi wa vave akikosea juu ya konde, wasikilizaji wake ni wakulima. Watamkosoa papo hapo.

Mfano ulio bayana zaidi katika maandishi ni Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, utenzi uliochapishwa mnamo 1979 mjini Leiden. Utenzi huo unasimulia uundaji wa chombo cha Lamu, vifaa vyake na safari yake. Wapo wahakiki watakaouona kuwa hazina ya msamiati tu, na ni kweli kwamba Nabhany alikuwa na ari kubwa ya kuhifadhi maneno. Hata hivyo, kwa mintarafu ya hoja hii, utenzi huo unatimiza jambo la kimaadili ambalo riwaya nyingi za ukombozi hazijalitimiza. Fundi wa chombo angeweza kuusikiliza na kusema, "Hapa umekosa." Ujuzi wake umewekwa ndani ya shairi kwa majina yake halisi na kwa mpangilio wake halisi, hata akawa na uwezo wa kuukagua. Fundi hapo si ishara ya unyonge wala ya ushujaa. Ni mjuzi aliyenukuliwa.

Madeni mawili ya uongo

Kabla ya kulieleza deni la kweli, inafaa kuyaondoa mawili yanayochanganywa nalo. La kwanza ni deni la nasaba: dai kwamba anayestahili kuandika juu ya mfanyakazi ni mfanyakazi peke yake. Dai hili lina heshima yake, kwa kuwa linatokana na uchungu wa kusemewa. Lakini likifuatwa hadi mwisho wake, linamfungia kila mtu ndani ya karakana yake, na kuwapa wasomi ruhusa nzuri mno ya kunyamaza. Isitoshe, kuzaliwa katika tabaka si kinga. Mtoto wa kuli aliyepata shahada anaweza kuyasahau maisha ya bandarini kwa kasi kuliko mgeni anavyoweza kuyajifunza.

Deni la pili la uongo ni la sifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wengi wa Tanzania waliitikia wito wa kuieneza siasa ya Ujamaa, na utanzu wa ngonjera uliokuzwa na Mathias Mnyampala ukawa chombo maarufu cha kazi hiyo. Mkulima na mfanyakazi walisifiwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Chama cha Mapinduzi kilipoundwa mnamo 1977, jembe na nyundo vikawa alama yake. Hakuna sababu ya kuubeza moyo wa watunzi hao, ambao wengi wao waliamini walilolitunga. Ila ni dhahiri kwamba migomo ya viwandani iliyofuata Mwongozo wa TANU wa 1971 haikupokewa na dola kwa mikono miwili. Mfanyakazi wa shairini alikuwa shujaa madhali anafanya kazi. Mfanyakazi wa kiwandani aliyesimama na kutaja haki yake alionekana mkorofi. Sifa isiyokagulika ni rahisi kutoa, kwa kuwa haimpi anayesifiwa chochote cha kushikilia. Mtu hawezi kwenda kwa mwajiri akiwa na sifa mkononi. Anaweza kwenda akiwa na hesabu.

Kuli: hesabu iliyowekwa wazi

Hapo ndipo riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mnamo 1979, inapopata uzito wake. Riwaya hiyo inamfuata kijana Rashidi, anayeishia kuibeba kazi ya bandarini iliyokuwa ya babaye, hadi kufikia mgomo wa Zanzibar wa 1948. Mgomo huo ni tukio la kihistoria. Ulianzishwa na wafanyakazi wa bandari mwezi wa Agosti mwaka huo, katika hali ya kupanda kwa gharama za maisha, ukaenea hadi ukawa mgomo wa jumla mjini. Ulitanguliwa na mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na zaidi, wakawa wanakutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kutokana na mgomo huo kilipata nguvu chama cha African Workers' Federation chini ya Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwezi wa Agosti 1947 na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Shafi alizaliwa mnamo 1940. Wakati wa mgomo wa Zanzibar alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Hakuushuhudia kama kuli. Kwa kipimo cha nasaba ya kazi, hana haki ya kuusimulia. Lakini kinachoipa Kuli nguvu ya kimaadili ni kwamba mateso hayaelezwi kama hali ya hewa, jambo linalowashukia watu bila chanzo. Yanaelezwa kama matokeo ya mpango: ujira wa aina fulani, kwa kazi ya aina fulani, kwa faida ya watu fulani. Msomaji anaonyeshwa njia inayotoka kwenye bega la mchukuzi hadi kwenye sufuria ya nyumbani kwake. Njia hiyo inaweza kukaguliwa. Kuli wa zamani wa Malindi aliyebahatika kuisoma riwaya hiyo, au kusomewa, angeweza kubishana nayo.

Wahakiki wamewahi kuilaumu riwaya ya aina hii kwa kuwa na wahusika wanaozinduliwa na mwenzao mwenye mwamko, kana kwamba mwamko ni dawa inayotolewa kwa kijiko. Lawama hiyo ina msingi. Katika uhalisia wa kijamaa, mara nyingi mfanyakazi anayezindua wenzake huzungumza kama kijitabu. Lakini lawama hiyo inahusu kiasi ambacho mwandishi ameacha kuwasikiliza watu wake, na kwa hiyo inathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Pale ambapo kuli anazungumza kama kijitabu, hesabu ya kazi imesimama na sifa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Kilio cha Haki: kusahihisha si kuamuru

Endapo mfanyakazi ana haki ya kumsahihisha mwandishi, je, haki hiyo haina mwisho? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), inalileta mbele kwa namna isiyokwepeka. Tamthilia hiyo inahusu wafanyakazi katika shamba la mzungu aitwaye Delamon, na kiongozi wa mapambano yao ni mwanamke, Lanina. Lanina anapigana katika pande mbili: dhidi ya mwenye shamba, na dhidi ya mitazamo ya wanaume wa jamii yake mwenyewe wanaoona kwamba mwanamke kiongozi ni mwanamke aliyepotoka.

Fikiria kwamba rasimu ya tamthilia ya namna hiyo ingesomwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi wanaume, na kila mmoja akapewa ruhusa ya kufuta asilolipenda. Yamkini Lanina angefutwa, au angeozwa na kunyamazishwa kabla ya pazia kuanguka. Mkutano ungekuwa wa wafanyakazi halisi, na matokeo yake yangekuwa dhuluma. Tabaka linaloonewa si kundi la malaika. Lina wanaoonewa ndani ya wanaoonewa, na mwandishi anayejifunga kulifurahisha anaweza kujikuta akilifurahisha lile fungu lake lenye sauti nzito.

Kwa hiyo ni lazima kutofautisha haki ya kusahihisha na haki ya kuamuru. Mfanyakazi ana haki ya kusahihisha yale anayoyajua kwa mwili wake: mzigo ulivyo, saa zilivyo, ujira ulivyo, neno linalotumika na lisilotumika. Katika mambo haya mwandishi akibisha, anabisha kwa kiburi. Lakini mfanyakazi, kama msomaji mwingine yeyote, hana haki ya kuamuru hukumu ya kazi ya sanaa. Mwandishi aliyelipa deni lake la usahihi ndiye mwenye uso wa kuwaambia wafanyakazi wanaume jambo wasilotaka kulisikia kuhusu wake zao na dada zao. Asiyelilipa atajibiwa, na kwa haki, kwamba hajui hata jembe linavyoshikwa. Na ukweli wake mkubwa utapotea pamoja na uongo wake mdogo.

Usiku wa mfanyakazi

Upo upande wa pili wa deni hili. Mwandishi anayeihesabu kazi kwa uaminifu anaweza kufikia hatua ya kumwona mfanyakazi kuwa ni kazi tu. Kila amtajapo, ameinama. Kila aongeapo, anaongea juu ya ujira. Mwanafalsafa wa Ufaransa Jacques Rancière, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu usiku wa wafanyakazi, alichunguza maandishi ya mafundi wa Ufaransa wa miaka ya 1830 na baadaye. Mafundi hao walitumia usiku, wakati uliowekwa kwa usingizi, kuandika mashairi, kufikiri na kubishana. Kilichowachoma wasomi waliotazamia kusikia kutoka kwao sauti halisi ya karakana ni kwamba wengi wao hawakutaka kuandika juu ya karakana. Walitaka kile kile ambacho washairi wenye wasaa walikuwa nacho.

Afrika Mashariki haihitaji kuazima mfano huu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ngoma ya beni ilienea kutoka mwambao hadi bara. Vyama vya beni vilikuwa na maofisa wenye vyeo, sare na magwaride, vikishindana mji kwa mji, kama Marini na Arinoti, Kingi na Scotchi. Mchukuzi aliyeamrishwa mchana kutwa aliweza siku ya sherehe kuwa na cheo cha kijeshi na kutoa amri. Baadhi ya watazamaji wa kikoloni waliona uigaji wa mabwana. Terence Ranger, katika utafiti wake wa 1975 kuhusu ngoma hiyo, alionyesha kwamba palikuwapo mengi zaidi ya uigaji. Hali kadhalika, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia maskini na kujipatia riziki kwa vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji, aliimba na kusikilizwa katika mitaa ya Ng'ambo, makazi ya watu wa kazi. Sahani zake za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928 zilisikilizwa mbali na Zanzibar. Nyimbo za taarabu yake ziligusa dhuluma na mahakama, lakini ziligusa pia mapenzi, wivu na urembo. Hadhira yake ya wachukuzi na wafanyakazi wa majumbani haikuwa imekuja kuambiwa tena kwamba imechoka.

Mhakiki anayeziita nyimbo za mapenzi za Ng'ambo kuwa ni kasumba, na kuzihesabu zile za malalamiko peke yake kuwa ndizo za tabaka la wafanyakazi, anafanya kosa lile lile la kipande. Anamtambua mtu kwa ajira yake na kulifuta lingine. Deni la mwandishi, basi, si kuihesabu kazi tu. Ni pia kukumbuka kwamba mtu anayehesabiwa ana usiku wake, na kwamba usiku huo si mali ya mwajiri, ya chama, wala ya mhakiki.

Kamĩrĩĩthũ: nani hulipa

Mfano mmoja wa Kenya uliweka mambo yote haya pamoja, nao ulionyesha pia gharama yake. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wanakijiji katika kituo cha jamii kuandaa tamthilia ya Kigĩkũyũ iitwayo Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nitakapo. Wengi wa washiriki walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru, na watu wasio na kazi. Rasimu ilisomwa hadharani, nao wakaisahihisha: lugha inayomfaa mzee, nyimbo na ngoma zilivyo, namna kazi ya kiwandani inavyoendeshwa na inavyolipwa. Walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu 2,000 na zaidi. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akaachiliwa Desemba 1978. Mwaka wa 1982, baada ya kikundi hicho kuzuiwa kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Ukumbi wa Taifa, jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi kama habari ya mwandishi mmoja: kizuizi chake, uhamisho wake, vitabu alivyoviandika, hadi kifo chake mwezi wa Mei 2025. Hakuna anayeweza kuyapuuza mateso yake, wala kuudogosha uhamisho wa mwenzake, Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyefariki Zimbabwe mnamo 2008. Hata hivyo, swali la kimaadili linabaki. Mateso ya mwandishi yaliingia katika maandishi. Yalipata jina, wasomaji, mitaala na makongamano. Wanakijiji walibakia na kifusi. Seremala aliyepigilia mbao za jukwaa lile na mama aliyesahihisha wimbo wake hawakuandikiwa tasnifu. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika leo juu ya Kamĩrĩĩthũ ana uwezekano mkubwa wa kumaliza kazi yake bila kumtaja mshiriki mwingine hata mmoja kwa jina.

Kuna jibu la haraka, nalo ni kwamba ndivyo fasihi ilivyo: kitabu hubeba jina la mtunzi. Jibu hilo halitoshi pale ambapo kazi yenyewe ilikusudiwa kuivunja desturi hiyo. Kamĩrĩĩthũ ilithibitisha kwamba haki ya kusahihisha inawezekana, na kwamba haipunguzi ubora wa sanaa bali huuongeza. Ilithibitisha vilevile kwamba dola ilitambua mapema kuliko wahakiki hatari ya jambo hilo. Vitabu vya Kiingereza vya Ngũgĩ, vikiwemo vilivyoishambulia serikali kwa ukali, vilikuwa vimeachwa visomwe. Kilichobomolewa ni mahali ambapo mfanyakazi alikuwa ameshika kalamu pamoja na mwandishi. Na uhakiki, kwa kumrudisha mwandishi peke yake katikati ya masimulizi, umeendelea bila kukusudia kuwaondoa wale wale waliofukuzwa mara ya kwanza.

Hitimisho

Yaliyojadiliwa yanaelekeza kwenye deni ambalo mwandishi halilipi kwa kuzaliwa mahali fulani, wala kwa kusifu, wala hata kwa kuteswa. Hulilipa kwa kuiandika kazi kwa usahihi unaoweza kukanushwa na aifanyaye. Kwa kuusikiliza ukanusho huo. Kwa kusema ukweli usiopendeza baada ya kuusikiliza. Na kwa kutomnyang'anya mfanyakazi usiku wake. Mhakiki naye ana fungu lake. Anapofundisha Kuli au Kilio cha Haki, hatoshi kuuliza dhamira ni zipi na mwandishi ana msimamo gani. Anapaswa kuuliza ni nani angeweza kuisahihisha kazi hii, na kama aliwahi kupewa nafasi.

Swali hili halikuisha na makuli. Makasha na mitambo vimepunguza idadi ya mabega yanayohitajika gatini, lakini kazi za kutwa hazijapungua. Kikaratasi cha kibarua sasa huja kwa ujumbe wa simu. Tarehe 1 Mei 2023, jijini Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 ambao kazi yao ilikuwa kusoma na kuchuja maandishi na picha za kutisha za mitandaoni kwa niaba ya kampuni za nchi za nje, walipiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni vibarua ambao kazi yao ni kusoma. Walisoma kutwa yale ambayo wengine hawakustahili kuyaona, kwa ujira uliopangwa na watu wasioonana nao. Mwandishi atakayetaka kuyaandika maisha yao atakuta wamekwisha kuandikwa katika mikataba, katika kumbukumbu za saa, katika alama za utendaji. Atakuta pia kwamba wanajua kusoma vizuri kuliko yeye. Akiwapelekea rasimu, wataisahihisha. Kama hatawapelekea, itabidi aeleze kwa nini.